Mapigo 38 kwa dakika: nilijiona bingwa wa mlimani mpaka echo iliponionyesha moyo wenyewe

Wakuu, za mchana huu.

Naweka hapa jambo lililonipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha kwa sababu mji wetu ni mdogo na watu wanajuana, ila mengine yote ni kweli tupu. Nikiongopa mtanikamata wenyewe, maana humu kuna madaktari.

Mtanisamehe uandishi wangu. Tangu nianze nimeshainuka kwenye kiti mara tatu. Nikikaa sana bila kuandika nitaghairi, kwa hiyo acheni niende hivi hivi.

Mimi ni Mmeru wa Akheri. Kazi yangu ilikuwa kupandisha wageni mlimani, Meru zaidi, na Kilimanjaro pale wageni wanapokuwa wengi. Tulipoanza, biashara ya utalii ilikuwa imeshaachiwa watu binafsi, na Arusha kila mwenye Land Cruiser moja na rafiki Mzungu alikuwa anafungua kampuni.

Nilianza kama mgumu. Kwa wasiojua, mgumu ni mpagazi, yule anayepanda na mzigo kichwani wakati mgeni amebeba maji yake na kamera. Baadaye nikawa msaidizi wa guide, halafu guide.

Kampuni yetu ni ndogo, ofisi iko Njiro kwenye nyumba ya kupanga yenye ukuta na geti jekundu. Mwenye nayo ni mama wa Kichaga kutoka Machame, tunamwita Dada Happy. Ni mkali lakini ni wa haki, na kwake yeye kuchelewa ni dhambi kubwa kuliko kuiba.

Sasa twende kwenye namba.

Mlimani kila jioni kabla ya chakula tunawapima wageni. Kuna kile kibanio kidogo cha kidoleni, kinatoa namba mbili. Moja ni oksijeni kwenye damu, nyingine ni mapigo ya moyo kwa dakika. Unaandika kwenye daftari, unamuuliza mgeni kama kichwa kinauma, unaenda kwa mwingine.

Tukimaliza wageni tunapimana wenyewe. Na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipokuwa unashangiliwa.

Iko hivi wakuu. Mgeni ambaye hajazoea ile hewa unamkuta amekaa tu kitandani na moyo unapiga mia na kumi. Sisi wenyeji tunakaa sitini, hamsini na kitu. Basi ikawa mashindano. Mwenye namba ndogo ndiye mwenye moyo wa mlima. Anakaa karibu na jiko, anapewa chai ya kwanza. Mwenye namba kubwa kuliko wote anaosha masufuria.

Bingwa wetu alikuwa Loserian. Huyu ni rafiki yangu sana, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, kakulia nyuma ya ng'ombe, miguu kama ya swala. Tulianza ugumu siku moja, tumelala hema moja miaka. Yeye alikuwa anasoma 46. Mimi nilikuwa 52, nipo tu katikati, masufuria siyaoshi na chai ya kwanza siipati.

Msimu uliofuata nikasoma 45. Watu wakapiga makofi.

Baadaye 41. Halafu jioni moja pale Miriakamba, kibanda cha kwanza ukipanda Meru, kikasoma 38. Wakadhani kimeharibika, wakanibadilishia kidole. 38. Wakamwekea Loserian, akasoma 46 yake ya siku zote. Alininyang'anya kile kibanio akakitazama nyuma kama anatafuta betri.

Siku ile wakanipa jina la Dizeli. Kwamba injini yangu inanguruma taratibu lakini mlima inaupanda. Nilitembea na hilo jina kifua mbele, nikawa nawasimulia hadi wageni. Nikisalimiana na mtu mpya namwambia nipime.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini moyo wa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu unazidi kupungua kila msimu wakati mazoezi ni yale yale. Tena sisi wote tulikuwa na vyeti vya huduma ya kwanza.

Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Mlimani neno letu la kwanza kwa mgeni ni "pole pole". Anayekimbia hafiki kileleni. Guide anaenda mbele, anaweka mwendo, na sifa ya guide ni kwenda taratibu bila kuonekana umechoka. Sasa mimi miaka ile miwili ya mwisho nilikuwa natembea taratibu kuliko guide yeyote Arusha. Wageni wakawa wananisifia kwenye mtandao. Guide mvumilivu, guide hana haraka. Dada Happy akayachapa yale maneno akayabandika ukutani ofisini.

Wakuu, nilikuwa siwezi kwenda haraka. Hata ningetaka.

Kazi nyingine yoyote wangeniona. Ningekuwa fundi wangesema huyu fundi mbona amekuwa mzito. Ningekuwa naendesha bodaboda ningeshaanguka. Lakini kazi yangu inamlipa mtu anayejikokota, kwa hiyo nilijikokota nikipigiwa makofi.

Dalili nilikuwa nazo, sitaki kudanganya. Pale Rhino Point, ukiwa unaenda kileleni, kuna mahali upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni shimo la kreta. Nilisimama pale macho yakaweka giza, masikio yakaziba. Nikashika jiwe. Nikawaambia wageni watazame nyuma wapige picha. Wakapiga picha, mimi nikarudiwa na macho, tukaendelea.

Hiyo ilitokea mara mbili. Sikumwambia mtu, hata Loserian aliyekuwa nyuma ya msafara.

Aliyenikamata ni mke wangu, na alinikamata kwenye ndizi.

Tulikuwa tumekata mkungu shambani kwetu Akheri, natakiwa niufikishe barabarani. Mwendo wa dakika kumi hivi, kakilima kadogo. Nikapumzika mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu nikakaa kabisa chini. Mama Neema alikuwa nyuma yangu na ndoo ya maparachichi kichwani, akasimama akaniangalia.

"Baba Neema, wewe unapeleka watu mawinguni halafu mkungu wa ndizi unakushinda?"

Nikamwambia nimelala vibaya.

"Umelala vibaya tangu mwaka jana," akasema. "Midomo yako imekuwa ya bluu. Kesho tunaenda kupima, na mimi nakuja, maana ukienda peke yako utarudi na hadithi."

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Pale kituo cha afya daktari akasikiliza kifua, akasikiliza tena, akauliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia mlima akatingisha kichwa kama aliyeelewa. Akasema mapigo ni machache lakini kwa mtu wa mazoezi inatokea, ila kwa kuwa kuna kuchoka na sauti fulani anaisikia, anaogopa moyo usiwe umetanuka. Mashine yao ya ECG, ile ya kupima umeme wa moyo, ilikuwa imeishiwa karatasi. Akaandika niende mjini nikapige echo, yaani ultrasound ya moyo.

Siku hizi vituo binafsi vya vipimo vimejaa mjini, nikaenda kimoja Jumatano asubuhi. Mpimaji alikuwa dada mmoja mdogo, mpole wa sauti, ana miwani. Mke wangu akakaa kwenye kiti pembeni na mkoba magotini, kama amekuja kwenye kesi.

Nikaanza majigambo yangu. "Dada, usishtuke ukiona 38, mimi ni mtu wa mlima."

Akasema, "Sawa kaka. Hebu kaa na kusimama mara kumi."

Nikafanya. Akanibana kidole. Ikasoma 40.

"Mara kumi umesimama, na moyo umeongeza mawili tu," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Moyo wa mazoezi ukiwa umepumzika unapiga kidogo, kweli. Lakini ukiuita unaitika. Huu wako hauitiki."

Nililala ubavu wa kushoto, akapaka ile jeli ya baridi, akaanza kuzungusha kile kifaa chini ya titi. Kwenye skrini moyo unaonekana kama kitu cha kijivu kinachofumba na kufumbua. Akapima ukubwa, akapima kuta, akaandika. Moyo ulikuwa umetanuka kidogo tu, akasema milango ya moyo ni mizuri. Nikamtazama mke wangu kumwambia unaona.

Halafu akaivuta skrini karibu.

Akaweka mstari mmoja katikati ya picha, na chini yake zikaanza kupita alama kama za mawimbi, zinatambaa kutoka kulia kwenda kushoto. Akazisimamisha. Akapima nafasi kati ya alama na alama. Akaachia, akasimamisha tena. Mimi nikaanza kuchezesha mguu.

"Kaka tulia kidogo."

Siwezi kutulia, wakuu.

Akaigeuza skrini ili nione. Nitajaribu kuwaeleza alivyonieleza, na ma-dokta mniwie radhi nikikosea.

Moyo una vyumba vya juu na vya chini, na kati yao kuna milango. Chumba cha juu kinajikunja kwanza, kinasukuma damu, halafu cha chini kinapiga. Juu, chini, juu, chini. Kinachovipa zamu ni umeme mdogo unaoanzia juu na kushuka chini.

"Angalia huu mlango," akasema. "Unaona unavyofunguka kidogo hapa? Hapo chumba cha juu kimejikunja. Sasa ngoja cha chini."

Nikangoja. Cha chini kimelala.

"Cha juu kimejikunja tena. Unaona? Na cha chini bado."

Halafu cha chini kikapiga, peke yake, hakikufuata chochote.

"Vyumba vyako vya juu vinapiga themanini kwa dakika," akasema. "Vya chini thelathini na nane. Umeme wa juu haufiki chini. Vya chini vimeona kimya, vimeamua kujipigia vyenyewe. Havisikilizani."

Mke wangu akauliza, "Kwa hiyo hajawahi kuwa na moyo wa mlima?"

Yule dada akamgeukia. "Alikuwa nao, mama. Hiki ni kitu kingine kimekuja juu yake."

Niseme hapa kabla hamjaniandama: najua kipimo chenyewe cha umeme wa moyo ni ECG. Yeye mwenyewe alisema hivyo. Alisema echo haioni umeme, inaona nyama inavyoutii au isivyoutii. Ila ukiwa na jicho, zile picha zinakuambia umeme una shida hata kabla ya karatasi ya ECG. Akanipa na mfano mwingine wa wagonjwa ambao umeme unachelewa upande mmoja tu, wa kushoto. Hao ukiwaangalia kwenye echo, ukuta wa katikati ya moyo unastuka kwanza peke yake, kama mtu anayevuta kamba kabla wenzake hawajashika. Mimi wangu haukuwa huo. Wangu ulikuwa umekatika kabisa.

Akaandika ripoti, akapiga simu mwenyewe hospitali kubwa kidogo, akatuambia twende leo, si kesho. Tukaenda. ECG ikasema kile kile.

Daktari wa pale alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema nahitaji kuwekewa pacemaker, kile kimashine kidogo cha chini ya ngozi kinachoupa moyo zamu yake. Kuna hospitali ya rufaa watanipangia siku. Mpaka hapo nisibebe, nisikimbie, na mlima nisahau.

"Vya chini vikichoka kujipigia," akasema, "unaanguka. Unaweza kuamka, unaweza usiamke."

Na mimi Jumamosi nilikuwa na safari.

Hapa ndipo nitajivunjia heshima mbele yenu. Ilikuwa safari ya Meru, wageni sita, na kwa mara ya kwanza Dada Happy alikuwa amenipa kuwa guide mkuu. Miaka yote nimekuwa wa pili. Nilikuwa nimeshamwambia baba yangu, nimeshawaambia wazee wa kanisa, nimeshanunua kofia.

Nikamwambia mke wangu nitamwarifu Dada Happy. Sikumwarifu. Ile bahasha ya ripoti nikaiweka kwenye begi la mlimani, mfuko wa ndani, nikasema nitapanda hii moja tu, pole pole, halafu nitaenda kuwekewa hicho kimashine. Nilikuwa nimeshapanda na 38 miezi mingapi, siku nne zaidi zitafanya nini.

Alhamisi sikukaa mahali pamoja. Nilienda Kwa Mrombo sokoni bila kitu cha kununua, nikarudi. Nikapanga vifaa, nikapangua. Nikawa najishika shingoni nahesabu kila baada ya dakika kumi. Thelathini na nane. Thelathini na saba. Mama Neema akiniuliza umemwambia Dada Happy najibu simu yake haipatikani.

Ijumaa mchana wageni wakaja ofisini kwa maelekezo.

Wageni wenyewe safari hii walikuwa Watanzania. Kijana mmoja anayefanya kazi Dar, marafiki zake wanne, na baba yake. Baba alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Moshi, nitamwita Mwalimu Shayo. Mrefu, mkongwe, suti ya kaki iliyopigwa pasi. Mwanawe alikuwa amemletea buti mpya, na mzee alikuwa amezivaa tangu nyumbani azizoee.

Kila mgeni anajaza fomu ya afya. Swali la nne linasema, je, una tatizo lolote la moyo. Wengi wanaweka hapana bila hata kusoma.

Mwalimu aliweka ndiyo. Na akaandika chini kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: presha na moyo, natumia dawa.

Utaratibu wa kampuni uko wazi. Ukiweka ndiyo na huna barua ya daktari wa moyo, hupandi. Dada Happy akaniita pembeni akanipa ile fomu.

"Eli, wewe ndio guide mkuu. Kamwambie mzee, kwa heshima."

Nikamchukua Mwalimu barazani, tukakaa kwenye benchi. Nikamwamkia upya, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Sema tu, nimeshaiona hiyo karatasi mkononi mwako."

Nikamweleza. Hakubisha. Alizitazama zile buti.

"Ningeandika hapana, ningepanda?"

"Ungepanda, Mwalimu."

"Haya." Akaanza kulegeza kamba za buti moja. "Na ninyi mnaotupeleka, fomu zenu mnajazia wapi?"

"Sisi hatujazi, Mwalimu."

"Kwa nini?"

Wakuu, miaka yote hiyo na sikuwahi kusikia mtu akiuliza. "Sisi ndio tunaopeleka," nikasema.

Akatingisha kichwa kama mwalimu aliyepewa jibu nusu na ameamua kuliacha. Halafu akanishika bega.

"Mwanangu ni huyu mmoja tu wa kiume. Mimi nitabaki hapa Arusha nikisubiri, na sina wasiwasi, kwa kuwa najua yuko na mtu mzima."

Mtu mzima. Alimaanisha mtu wa akili, mtu wa makamo, kama tunavyosema wote. Mimi nilisikia mzima. Nilimwona yule kijana pale Rhino Point nyuma yangu, na mimi ndiye nimeshika usukani, na macho yanaweka giza.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Mzee kasema kweli, kavuliwa buti. Mimi nimeficha, nimepewa msafara.

Nikamwomba radhi, nikaingia ndani, nikafungua begi, nikamwekea Dada Happy ile bahasha mezani.

Alisoma yote, na ya ECG akasoma. Alivua miwani.

"Hii ni ya lini?"

"Jumatano, dada."

"Leo ni lini?"

Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali apaze. Akaniambia, "Ungeniua mimi, ungeua na watoto wa watu. Kaa hapo usinyanyuke." Akaenda nje akamwita Loserian, akamkabidhi safari. Halafu akarudi, akakaa, akalia kidogo, akampigia mke wangu simu yeye mwenyewe.

Loserian alidhani ni utani. Alinifuata pale nilipokaa akasema, "Dizeli imezimika?" Nikamwonyesha ripoti. Hakuisoma. Akasema hospitali ukiingia na afya utatoka na ugonjwa, akachukua lile begi la huduma ya kwanza akaondoka nalo.

Kesho yake asubuhi msafara ukaenda, mimi na Mwalimu tukabaki barazani tunakunywa chai. Nilimwambia kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema nimwonyeshe hiyo picha ya moyo, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza maswali mengi kuliko daktari.

Niliwekewa pacemaker wiki chache baadaye. Kovu liko chini ya mfupa wa bega la kushoto, dogo tu. Siku ya kuangaliwa maendeleo nilimwomba yule yule dada wa mjini anipime echo. Akaniwekea ule mstari, akaigeuza skrini bila mimi kuomba.

Juu, chini. Juu, chini. Mlango unafunguka kwa zamu yake. Nililia pale kitandani na jeli kifuani, na mke wangu akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mlima bado sijarudishiwa, daktari anaenda na mimi hatua kwa hatua. Nafanya kazi ofisini, nakagua vifaa na fomu. Na sasa hivi guide na wagumu wote wanajaza fomu ile ile ya wageni. Dada Happy aliipitisha siku moja tu, bila kikao.

Funzo langu ni fupi. Namba ndogo ya mapigo si cheti cha afya. Inawezekana ni mazoezi, na ukiwa mtu wa mazoezi hongera. Lakini kama inazidi kushuka, kama unachoka, kama macho yanaweka giza, na kama ukisimama na kukaa mara kumi moyo haupandi, usikubali kupigiwa makofi. Nenda ECG. Na ukipelekwa echo, mwombe mpimaji asiangalie ukubwa peke yake, aangalie na kama vyumba vinasikilizana. Kazi yako ikiwa inakuruhusu kwenda taratibu, ndio kabisa ujichunguze, maana hakuna atakayekuona.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika tangu nianze kuandika.

Juzi wenzangu wamerudi kutoka mlimani, nikawa napitia daftari la vipimo. Wamejiandika na wenyewe, kama kawaida yao. Loserian sasa anasoma 39. Na mpishi akaniambia kwa kucheka kwamba bosi wao Loserian siku hizi anapumzika sana njiani, anawaambia wageni wapige picha.

Inawezekana ni mazoezi tu. Mimi siyo daktari. Nilimwomba jana akae na kusimama mara kumi mbele yangu, akakataa. Nikamwomba twende wote kwa yule dada, nikamwambia nitakaa naye mle ndani. Akaniambia nilipoteza mlima wangu na sasa nautaka wa kwake. Kwenye fomu ameandika hapana.

Ana watoto wanne na hana kazi nyingine. Jumamosi anapanda na wageni sita.

Kesho saa mbili asubuhi, kabla hajafika ofisini, namwambia Dada Happy. Nimeandika uzi huu ili watu wengi wajue nimesema nitasema, nisipate pa kurudi nyuma.

Karibuni kwa maoni, na wenye kunirekebisha kitaalamu nawasikiliza. Ila kuna swali moja nawaomba wale tu waliowahi kumsimamishia rafiki kazi kwa ajili ya uhai wake. Alikuja kuongea na wewe tena?